Mwalimu Nyerere na ruzuku ya mkulima: Nani alilipa, nani alipata?

KILA msimu wa kilimo unapokaribia, wakulima wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida Vijijini huuliza maswali yale yale. Mwaka huu Serikali itatoa ruzuku ya nini? Itapitia kwa nani? Na itafika kabla ya mvua au baada ya mvua?

Maswali hayo si mageni. Yana umri unaokaribia ule wa Taifa lenyewe. Mtu aliyeyabeba kwa muda mrefu kuliko kiongozi mwingine yeyote nchini ni hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye kwa karibu miaka 24 aliongoza nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa wakulima na wafugaji. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama maisha ya mpigania uhuru. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wana sababu ya kuyasoma pia kama maisha ya mtu aliyejaribu karibu kila aina ya ruzuku, akaona mafanikio yake na hasara zake, na mwisho akaridhia baadhi yake ziondolewe akiwa bado Ikulu.

Mtoto wa Butiama

Mwalimu alizaliwa Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Mtemi Burito Nyerere, alikuwa kiongozi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, alikua kama watoto wengine wa kijijini: akichunga mifugo na kuishi katika kaya zilizotegemea jembe la mkono. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwaka 1934. Kutoka hapo alikwenda Shule ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako alisomea ualimu.

Baada ya kufundisha Tabora katika Shule ya Mtakatifu Maria, alikwenda Uingereza mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Miongoni mwa masomo aliyochukua yalikuwemo uchumi na historia. Alirudi mwaka 1952 akiwa na shahada ya uzamili, akafundisha Pugu, na Julai 7, 1954 akawa mmoja wa waasisi wa chama cha TANU na rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili ashughulikie siasa moja kwa moja.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Wiki chache tu baadaye, Januari 1962, alijiuzulu na kuzunguka nchini kukijenga upya chama. Aliporudi madarakani Desemba mwaka huo akiwa Rais wa Jamhuri, nchi ilikuwa na viwanda vichache mno. Fedha za kigeni zilitokana na mkonge, kahawa, pamba na mazao mengine ya shambani. Kwa maneno mengine, kila shilingi ambayo Serikali ingetaka kumsaidia nayo mkulima ilibidi kwanza itoke, kwa njia moja au nyingine, kwa mkulima mwenyewe. Huu ndio mzizi wa habari yote inayofuata.

Trekta za mwanzo

Jaribio la kwanza la kuinua kilimo kwa fedha za umma halikuwa wazo la Mwalimu peke yake. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameishauri nchi iwachukue wakulima wachache, iwahamishie katika makazi mapya, iwape trekta, mikopo na mabwana shamba, ili wawe mfano kwa wengine. Mpango huo wa makazi ulianza katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Matokeo yake hayakuwa mazuri. Fedha nyingi zilitumika kwa familia chache. Trekta zilinunuliwa kabla ya kujulikana kama mavuno yangetosha kulipia mafuta na vipuri. Wakulima waliopewa kila kitu walizoea kusubiri, na madeni yakabaki mikononi mwa Serikali. Aprili 1966, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya namna hiyo hayataanzishwa tena.

Mwalimu alichukua somo moja kutokana na jaribio hilo: msaada mkubwa kwa wachache haujengi nchi. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilibeba somo hilo. Azimio lilieleza kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba mikopo inayochukuliwa nje na kutumika mijini hulipwa kwa jasho la watu wa vijijini. Aidha, lilitoa tahadhari kwamba watu wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Ni viongozi wachache barani Afrika waliokuwa wamelisema jambo hilo waziwazi kiasi hicho wakati ule.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Serikali yake ilifuta kodi ya kichwa. Kwa mkulima wa Singida aliyekuwa analazimika kuuza mbuzi au debe la mtama ili asikamatwe na watoza kodi, huo ulikuwa msaada aliouona kwa macho yake.

Vijiji na samadi

Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa na kupitisha tamko la Siasa ni Kilimo, lililowahimiza wakulima kutumia mbegu bora, mbolea na maksai. Mwaka uliofuata Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni jambo la lazima, na kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Hadi kufikia wakati huo zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wamehamia katika vijiji zaidi ya 7,000 nchi nzima.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa na mantiki ya kiuchumi. Serikali maskini haiwezi kupeleka shule, zahanati, kisima na bwana shamba kwenye kila kaya iliyo peke yake porini. Watu wakikaa pamoja, gharama ya huduma kwa kila mmoja hupungua. Pembejeo za ruzuku nazo huwa rahisi kugawa, kwa kuwa lori moja hushusha mzigo mahali pamoja na karani mmoja huandika majina yote.

Hata hivyo, kwa Singida mpango huo ulikuwa na bei yake. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa na kilimo chao kilichotegemea ng'ombe. Zizi lilikuwa karibu na tembe, na samadi ya zizi ilirutubisha shamba la uwele na mtama lililozunguka nyumba. Mbolea hiyo haikuhitaji lori wala mkopo, wala kibali cha mtu yeyote. Familia ilipohamishwa na kupelekwa kwenye kijiji kipya, shamba lenye rutuba ya miaka mingi lilibaki nyuma, na kubeba samadi kwa kilomita kadhaa ni kazi ambayo wachache wangeiweza.

Hivyo wakulima waliokuwa wakijitosheleza kwa mbolea wakaingia katika kundi la wanaosubiri mbolea. Na ile ya viwandani, iliyokuwa ikitoka zaidi katika kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1972, ilielekezwa zaidi kwenye mikoa ya mvua nyingi kama Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, na kwa wakulima wa tumbaku. Mkoa mkavu kama Singida ulipata sehemu ndogo.

Ukame na bei ya mtama

Wakati kazi ya kuhamisha watu ikiendelea, mvua zilikatika. Misimu ya 1973/74 na 1974/75 ilikuwa mibaya. Nchi ililazimika kuagiza nafaka kutoka nje kwa mamia ya maelfu ya tani, wakati bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara kadhaa. Akiba ya fedha za kigeni ikakauka.

Serikali ya Mwalimu ilijibu kwa hatua tatu ambazo zote zilikuwa ruzuku, ingawa si zote zilizoitwa hivyo.

Ya kwanza ilikuwa ruzuku ya pembejeo. Chini ya mpango wa taifa wa mahindi, mbolea na mbegu bora zilitolewa kwa bei iliyopunguzwa sana, nyingi zikipitia mikopo ya Benki ya Maendeleo Vijijini kwa kijiji na si kwa mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo penye kasoro: deni la kijiji kizima lilikuwa deni lisilo na mwenyewe, na marejesho yakawa hafifu.

Ya pili ilikuwa bei moja nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo wengi walilijua kwa jina la NMC, lilipewa mamlaka ya pekee ya kununua nafaka, na lililipa bei ile ile kwa kilo ya mahindi, iwe Sumbawanga au Morogoro. Mwalimu aliamini kwamba si haki mkulima aadhibiwe kwa sababu tu amezaliwa mbali na Dar es Salaam. Lakini nauli ya kutoka Sumbawanga haikufutika kwa tangazo. Ililipwa na NMC, na kwa kuwa NMC ilikuwa mali ya umma, ililipwa na nchi nzima. Mkulima aliye karibu na soko akapata pungufu ya thamani ya zao lake, na aliye mbali akapata zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyoigusa Singida moja kwa moja. Baada ya njaa ya mwaka 1974, Serikali iliamua kuhimiza mazao yanayostahimili ukame: mtama, uwele na mihogo. Bei ya mazao hayo ilipandishwa kwa nguvu, na NMC ikaamriwa kununua chote kitakacholetwa. Wakulima wa Dodoma na Singida walifanya kile ambacho mkulima yeyote mwenye akili hufanya anapoona bei nzuri: walilima zaidi na kuuza zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maghala ya NMC yalijaa mtama.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amepangiwa kuula. Watu wa mijini walitaka sembe. Nje ya nchi mtama ulinunuliwa kama chakula cha mifugo, kwa bei ya chini kuliko ile aliyolipwa mkulima. NMC ikauza kwa hasara, na sehemu ya mzigo ikaharibika maghalani. Mkulima wa Singida alikuwa ametimiza wajibu wake kikamilifu, na Serikali ilikuwa imetimiza ahadi yake ya bei. Kilichokosekana ni mnunuzi wa mwisho.

Wafanyabiashara wadogo wanalielewa jambo hili vizuri. Anayenunua gunia bila kujua atakayeliuza kwake hajafanya biashara, ameweka mzigo tu.

Mkono mmoja watoa, mwingine wachukua

Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Kazi ya kununua mazao ikahamia kwa mashirika na mamlaka za mazao. Tayari mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa. Kwa hiyo, kufikia katikati ya muongo huo mkulima hakuwa na chama chake cha kuuza mazao wala halmashauri yake ya kusemea. Malipo yakianza kuchelewa, hakuwa na mlango wa karibu wa kugonga.

Na malipo yalichelewa. Mashirika yaliajiri watu wengi, yalinunua magari, na gharama zake zilikula sehemu kubwa ya bei ya zao. Wakati huo huo thamani ya Shilingi ilishikiliwa juu kuliko hali halisi. Mkulima wa kahawa au pamba aliyeuza nje kupitia mamlaka alilipwa kwa shilingi chache kuliko alizostahili kwa kila dola iliyoingia.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la kipindi hicho. Kwa mkono mmoja Serikali ilimpa mkulima mbolea ya bei nafuu. Kwa mkono mwingine ilimnyang'anya kupitia bei ndogo, malipo ya kuchelewa na thamani ya bandia ya fedha. Ukipiga hesabu ya mikono yote miwili, wakulima wengi walitoka na hasara. Katika muongo wa 1970 uwezo wa kununua wa bei waliyolipwa ulishuka, na wengi walianza kuuza mazao yao kwa magendo au kurudi kulima chakula cha nyumbani tu.

Kwa upande wa mijini kulikuwa na ruzuku nyingine, ile ya sembe. NMC iliuza unga kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ili mfanyakazi aweze kumudu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda tena kwa bei ya mafuta na ukame mpya viliongeza mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 NMC ilikuwa inadaiwa na Benki ya Taifa ya Biashara zaidi ya Sh2 bilioni, wakati dola moja ya Marekani ilikuwa bado chini ya Sh10 kwa bei rasmi. Wananchi walikuwa wakila unga wa mahindi ya njano ya msaada, waliyoyapa jina la Yanga.

Mageuzi akiwa Ikulu

Wengi hudhani kwamba mageuzi ya uchumi yalianza baada ya Mwalimu kuondoka. Si kweli kabisa. Ni kweli kwamba aligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kukataa masharti yake, na kwamba makubaliano nalo yalitiwa saini mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Lakini hatua kadhaa ngumu zilichukuliwa yeye akiwa bado Rais.

Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kurudisha vyama vya ushirika. Mwaka 1983 ilitolewa sera mpya ya kilimo. Serikali za mitaa nazo zilirudishwa. Kisha ikaja bajeti ya Juni 1984, ambayo wachumi wengi huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa zama mpya. Shilingi ilishushwa thamani kutoka Sh12 hadi Sh17 kwa dola. Ruzuku ya sembe iliondolewa, na bei ya unga mijini ikapanda zaidi ya mara mbili. Ruzuku ya mbolea nayo ilifutwa. Kwa upande wa pili wa mizani, bei ya mahindi kwa mkulima ilipanda kutoka Sh2.20 hadi Sh4 kwa kilo, na wananchi wakaruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali. Hiyo ya mwisho ilikuwa habari njema kwa mfanyabiashara mdogo, ambaye hadi hapo alikuwa akiitwa mlanguzi kwa kubeba magunia machache tu.

Mwalimu hakuyafurahia yote hayo. Aliiona ruzuku ya chakula kuwa kinga ya mnyonge wa mjini. Lakini hesabu hazikuwa na huruma: fedha iliyokuwa ikilipia unga wa mjini ilikuwa ikikosekana kumlipa mkulima bei inayofaa. Ilibidi kuchagua, na safari hii uchaguzi ulimwelekea zaidi mwenye jembe. Katika kipindi hicho pia alikiri hadharani kwamba kufuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ni kiongozi wa nadra anayekiri kosa la sera yake akiwa bado madarakani, na kukiri kwake kunawafaa wapangaji wa leo kuliko sifa nyingi anazopewa.

Novemba 5, 1985 alimkabidhi madaraka Rais Mwinyi. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na alipopata nafasi alirudi Butiama kulima. Mtu aliyepanga bei za mazao ya nchi nzima alimaliza miaka yake akisubiri mvua kama wakulima wengine. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika hospitali mjini London, na kuzikwa Butiama.

Ruzuku ilivyorudi

Ruzuku ya mbolea iliyofutwa mwaka 1984 haikukaa nje muda mrefu. Shilingi ilipoendelea kushuka baada ya mwaka 1986, Serikali iliogopa kuiacha bei ya mbolea ipande kwa kasi ile ile, na punguzo likarudi kwa mlango wa nyuma. Kuanzia mwaka 1990 lilipunguzwa kidogo kidogo hadi likaisha msimu wa 1994/95. Matumizi ya mbolea yakashuka.

Msimu wa 2003/04 Serikali ilianza kulipia sehemu ya gharama za kusafirisha mbolea. Ukafuata mfumo wa vocha, ulioanza kwa majaribio mwaka 2007 na kusambazwa msimu wa 2008/09 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkulima alipewa vocha za pembejeo za ekari moja ya mahindi au mpunga, akalipa karibu nusu ya bei na Serikali ikalipa nusu nyingine kwa wakala. Majina yalichaguliwa na kamati ya kijiji. Hadi mpango huo ulipomalizika, zaidi ya kaya milioni 2 zilikuwa zimefikiwa.

Vocha ziliongeza mavuno kwa wengi waliozipata kwa wakati. Lakini kasoro za zamani zilijitokeza kwa sura mpya. Mkulima maskini aliyekosa fedha ya kuongezea aliuza vocha yake kwa bei ya kutupa. Baadhi ya pembejeo zilifika mvua zikiwa zimeanza. Na utaratibu huo ulipofikia mwisho, mawakala wengi walibaki wakidai malipo yao kwa miaka kadhaa, wengine wakiwa na mikopo ya benki inayozaa riba.

Agosti 8, 2022, kwenye sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mfumo mwingine, ambao mkulima husajiliwa kijijini kwake na kupata namba ya kununulia mbolea kwa bei ya ruzuku. Katika msimu wa kwanza zilitengwa Sh150 bilioni, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao sokoni ulikuwa umevuka Sh130,000, uliuzwa Sh70,000. Kwa Singida, ruzuku iliyosikika zaidi ni ya mbegu za alizeti, ambazo Serikali ilianza kuzipeleka kwa bei ya punguzo mkoani humo na katika mikoa ya Dodoma na Simiyu baada ya kuzinduliwa kwa mkakati wa alizeti mwaka 2021. Lengo lilikuwa kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje.

Hesabu ya mikono miwili

Mwaka 2023 wakulima wa alizeti wa Singida walikumbana na jambo ambalo wazee waliouza mtama kwa NMC wangelitambua. Mbegu zilikuwa zimegawiwa na watu walilima, lakini bei ilianguka. Wakulima na wenye viwanda vidogo vya kukamua walilalamikia mafuta ya nje yaliyokuwa yakiingia kwa ushuru uliopunguzwa.

Chukua mfano wa mkulima wa ekari mbili. Akinunua kilo nne za mbegu na Serikali ikampunguzia Sh2,000 kwa kila kilo, ameokoa Sh8,000. Akivuna magunia kumi ya kilo 65, ana kilo 650. Bei ikishuka kwa Sh200 tu kwa kilo, amepoteza Sh130,000. Ruzuku aliyoipata mwezi wa Desemba imemezwa zaidi ya mara 16 mwezi wa Juni. Hakuna aliyemwibia, na pengine hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni mikono miwili ya Serikali moja, kila mmoja ukifanya kazi bila kuuangalia mwenzake, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1970.

Kutokana na safari ndefu ya Mwalimu, mkulima na mfanyabiashara wa Singida wanaweza kuchukua mambo manne ya kufanyia kazi.

Kwanza, ruzuku ni punguzo la gharama, si uhakika wa faida. Kabla ya kuongeza ekari kwa sababu mbegu ni nafuu, ulizia bei ya msimu uliopita, idadi ya viwanda vinavyokamua karibu na uwezo wako wa kuhifadhi mazao hadi bei ipande.

Pili, rutuba iliyo zizini isidharauliwe. Mkoa wenye ng'ombe wengi kama Singida bado una samadi, na kijiji kinachoisomba kwa mikokoteni ya maksai wakati wa kiangazi hupunguza utegemezi wa mfuko wa dukani. Mbolea ya ruzuku iongeze nguvu pale samadi isipotosha.

Tatu, wakala wa pembejeo asiingize mtaji wake wote katika mzigo ambao sehemu ya malipo yake inategemea hazina. Madai ya enzi za vocha ni ushahidi wa kutosha.

Nne, chama cha ushirika chenye mizani sahihi na vitabu vinavyosomeka ni bora kuliko ofisi ya mbali yenye ahadi nzuri. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo baada ya kukivunja na kulazimika kukirudisha. Mkulima anayehudhuria mkutano wa chama chake, akauliza makato yamekwenda wapi na bei iliyotolewa ilipatikanaje, anafanya kazi ambayo hakuna Rais, hata aliye mwema kiasi gani, aliyeweza kuifanya kwa niaba yake.